Dakika ya Kwanza ya Pumzi

Leo tuzungumze juu ya pumzi, na nitaianzia pale inapoanzia yenyewe, chumba cha kujifungulia. Mtoto akishatoka, swali la mama ni moja: "Amelia?" Hata kabla hajauliza kama ni wa kike au wa kiume, anataka kwanza kusikia sauti. Bibi aliyebaki kwenye benchi huko nje naye ametega sikio, anaingoja sauti hiyo hiyo. Wote wawili wanajua wanachokifanya. Kilio kile kinatangaza kwamba mapafu yamefunguka, na kufunguka kwa mapafu mara ya kwanza ni kazi nzito kuliko pumzi zote ambazo mtu huyo atavuta baadaye maishani akiwa mzima.

Shuleni tulifundishwa njia ya hewa kuanzia puani. Inapita puani, inashuka kooni, inaingia bomba la hewa, na kifuani bomba hilo linagawanyika mawili, moja kwa kila pafu. Matawi yanaendelea kugawanyika, kila tawi likiwa jembamba kuliko lililolizaa, mpaka mwisho wa safari ambapo kuna vifuko vya hewa vidogo mno kuonekana kwa macho. Mtu mzima ana vifuko kama milioni 300, na kuta zake zote zikitandazwa zinafikia mita za mraba zipatazo 70. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba ajabu, na nyuma yake tu unapita mshipa wa damu ulio mdogo kiasi kwamba chembe nyekundu hupita kwa kufuatana. Hapo oksijeni inavuka kuingia kwenye damu, na hewa ya ukaa inavuka kutoka.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuyapanua. Kinachoyapanua ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Kikilegea, hewa inatoka. Amri inatoka sehemu ya chini kabisa ya ubongo, ambayo muda wote inapima hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu na kuongeza au kupunguza kasi, uwe macho au usingizini. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mtoto mchanga mara 30 hadi 60.

Hayo, msikilizaji, ni ya mapafu yaliyokwisha kuzoea kazi. Mtoto aliyemo tumboni yuko katika hali nyingine kabisa. Mapafu yake yamejaa maji.

Wengi hudhani maji hayo ni ya chupa, kwamba mtoto ameyavuta. Sivyo. Pafu linayatengeneza lenyewe, linajijaza, na sehemu yake hutoka kooni na kuungana na maji ya chupa. Kujazwa huko ndiko kunakolikuza, kwa sababu pafu lisilovutwa kwa ndani hubaki dogo. Na mtoto hujizoeza. Miezi mingi kabla ya kuzaliwa, kiwambo chake huwa kinapanda na kushuka, na kwenye picha ya altrasaundi kifua huonekana kikitikisika. Anajifunza mwendo wa kupumua mahali ambapo hakuna hewa hata chembe.

Oksijeni yake inatoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa mapafu hayana kazi, damu yake nyingi inayakwepa. Moyo wa mtoto aliyemo tumboni una tundu kati ya vyumba viwili vya juu, na nje ya moyo kuna mshipa mfupi unaounganisha mishipa mikubwa miwili. Kwa njia hizo mbili, ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya damu inayopita mapafuni.

Sasa fikiria kazi inayomngoja. Maji yale yatoke, hewa iingie mahali pake, damu igeuze njia, na yote hayo yafanyike dakika ambazo kitovu kinakoma kumletea oksijeni. Binafsi, katika mwili mzima wa binadamu, sijui badiliko lingine lenye haraka na ukubwa wa namna hiyo.

Maandalizi huanza kwenye uchungu. Mama anapoumwa, mwili wa mtoto unamimina homoni ya adrenalini, na homoni hiyo inazigeuza chembe za pafu: zilizokuwa zikitoa maji zinaanza kuyanyonya. Ndiyo maana watoto wanaotolewa kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza, mara nyingi zaidi hupumua mbio mbio siku ya kwanza au ya pili. Maji bado yamo. Sisemi haya kumtisha mama aliyeambiwa na daktari kwamba anahitaji upasuaji. Upasuaji umeokoa mama na watoto wasiohesabika. Ninachopinga ni kupanga tarehe mapema, kabla ya wiki 39, bila sababu ya kitabibu, eti kwa sababu baba yuko likizo au tarehe ni nzuri. Pafu la mtoto halijui likizo.

Mtoto anapotoka, baridi, mwanga na mikono inayomgusa vinamshtua. Kifua kinavuta kwa nguvu. Hewa inayoingia inasukuma maji yaliyobaki yapenye kuta za vifuko na kuingia kwenye nyama za pafu, ambako baadaye mwili utayachukua. Kisha analia. Anapolia huwa anatoa pumzi huku nyuzi za sauti zimebana nusu, kwa hiyo hewa inabaki na shinikizo ndani ya kifua, na shinikizo hilo linazidi kusukuma maji na kuzuia vifuko visifunge. Baada ya pumzi chache, kiasi cha hewa kinabaki mapafuni hata anapomaliza kuitoa. Mishipa ya mapafu inatanuka, damu inaingia kwa wingi, na wingi huo unaporudi upande wa kushoto wa moyo unakisukuma kifuniko cha lile tundu la moyo kikaziba. Kitovu sasa kinaweza kukatwa. Kwa mtoto anayepumua vizuri, Shirika la Afya Duniani linashauri kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mwenyewe.

Hapa niwatoe hofu kidogo wazazi. Mtoto hazaliwi akiwa mwekundu. Dakika ya kwanza, oksijeni katika damu yake iko kama asilimia 60 tu, na huchukua hata dakika 10 kufika 90. Mikono na miguu kuwa na rangi ya samawati mwanzoni ni jambo la kawaida. Midomo na ulimi vikibaki hivyo, au kifua kisipopanda, hapo ndipo pa kuhangaika.

Lakini liko jambo ambalo madaktari wenyewe walichelewa kulielewa. Chukua mfuko wa plastiki uliolowa ndani, ujaribu kuutenganisha pande zake: zimegandana. Vifuko vya hewa vyote vina unyevu, na unyevu huo unavuta kuta zikutane. Kwa kanuni ya maumbile, kila anapotoa pumzi vingepaswa kusinyaa na kugandana, halafu pumzi inayofuata iwe ngumu kama ile ya kwanza. Kwa nini haiwi hivyo? Mwaka 1929 mtafiti Kurt von Neergaard aliyajaza mapafu kwa hewa, kisha kwa kimiminika, akaona kwamba kwa kimiminika yanapanuka kwa nguvu ndogo zaidi. Akatambua kuwa mvutano wa ule unyevu ndio unaoyakaza. Hakuna aliyemjali kwa zaidi ya miaka 20. Kwenye miaka ya 1950 Richard Pattle wa Uingereza na John Clements wa Marekani walionyesha kwamba pafu lina utando wake wenye asili ya mafuta, unaopunguza mvutano huo. Utando huo unaitwa safaktanti. Hutengenezwa na chembe maalumu katika kuta za vifuko, huanza kupatikana kama wiki ya 24 ya ujauzito, na kwa watoto wengi hutosha kwenye wiki ya 34 au 35.

Umeshaona ninakoelekea. Mtoto njiti anaweza kuzaliwa akiwa na kila kiungo, moyo unapiga, macho yanafunguka, lakini utando huo haujatosha. Analia vizuri mwanzoni, mama anafurahi. Baada ya saa moja au mbili anaanza kuguna kila anapotoa pumzi, mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka. Anachoka. Kila pumzi inamgharimu kama ile ya kwanza. Mwaka 1959 huko Boston, Mary Ellen Avery, daktari wa watoto, akiwa na mtafiti mwenzake Jere Mead, alichunguza mapafu ya watoto waliokufa namna hiyo na kukuta yamekosa utando ule. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitafuta ni kitu gani kimeingia mapafuni kikawaua. Avery akawaonyesha kuna kitu kimekosekana.

Dunia nzima ilikuja kulisikia tatizo hili mwaka 1963. Tarehe 7 Agosti, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na uzito wa kilo 2 na ushei. Alipelekwa Boston, akawekwa hata kwenye chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa. Alifariki tarehe 9, hakumaliza siku mbili. Uwezo wa rais wa taifa tajiri kuliko yote haukumsaidia, kwa sababu dawa haikuwepo duniani. Leo mtoto wa uzito ule, kwenye wodi ya watoto wachanga yenye vifaa vya kawaida tu, ana kila sababu ya kuishi.

Njia ya tiba ilifunguliwa na kondoo. Huko Auckland, New Zealand, mtafiti Graham Liggins alikuwa akitafuta kinachoanzisha uchungu, akawa anawadunga wanakondoo waliomo tumboni dawa za jamii ya steroidi. Mmoja akazaliwa mapema mno, siku ambazo hakutarajiwa kuishi, lakini Liggins alipomfikia alimkuta anapumua. Dawa ilikuwa imeyakomaza mapafu. Pamoja na Ross Howie, daktari wa watoto, walijaribu kwa akina mama walioelekea kujifungua kabla ya wakati, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Sindano hizo ndizo ambazo mama anadungwa leo hospitalini anapoonekana atazaa njiti, kama deksamethasoni, dawa ya bei nafuu. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliohusisha Kenya na nchi nyingine nne, ulithibitisha kwamba inapunguza vifo vya watoto hata katika hospitali za nchi zetu, mradi mama awe mahali penye huduma. Na dawa inahitaji muda, saa 24 au 48 ndipo ifanye kazi sawasawa. Kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi saba anayehisi tumbo linakaza na kuachia, asisubiri kupambazuke. Saa zile anazongoja nyumbani ndizo dawa ingekuwa inafanya kazi.

Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alitoa safaktanti kwenye mapafu ya ng'ombe, akaiweka moja kwa moja kwenye mapafu ya watoto 10, na ikawasaidia. Dawa hiyo bado ni ghali kwetu. Tunachokiona zaidi katika wodi zetu ni mtambo wa viputo: hewa inaingia puani kwa mtoto, na mwisho wa bomba la kutolea umetumbukizwa ndani ya chupa ya maji. Ukiutumbukiza sentimita 5, mtoto anatoa pumzi dhidi ya shinikizo la sentimita 5 za maji, na vifuko vyake havifungi. Ni kifaa kinachomfanyia njiti kile ambacho kilio kinamfanyia mtoto aliyetimiza miezi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta kwenye kipaza sauti hiki. Watoto wengi wanaoshindwa kupumua wanapozaliwa wametimiza siku zao. Mapafu yao yamekomaa, safaktanti wanayo. Kilichowapata ni kukosa oksijeni wakati wa uchungu: uchungu ulikuwa mrefu, au kondo lilichomoka mapema, au kitovu kilibanwa. Wakunga wetu husema mtoto amezaliwa amechoka.

Majaribio ya wanyama yaliyofanywa katikati ya karne iliyopita yalionyesha hatua zinazofuatana. Kiumbe akinyimwa oksijeni, kwanza anahangaika kupumua, kisha anaacha. Ukimgusa au kumsugua hapo, anaanza tena. Asipopata hewa, anavuta pumzi za kukata tamaa, chache, halafu anaacha mara ya pili. Safari hii hata umsugue vipi hataanza mwenyewe. Anahitaji kupulizwa hewa. Na ugumu uko hapa: ukimtazama mtoto aliyelegea, hujui ni kuacha kwa kwanza au kwa pili, kwa sababu huenda ya kwanza ilipita akiwa bado tumboni. Mkunga hana muda wa kukisia.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Mtoto anakaushwa papo hapo kwa kitambaa kikavu, kanga safi inatosha, na anasuguliwa mgongo. Kati ya watoto 100, kama 85 wanapumua wenyewe, na 10 hivi wanaanza kwa kukaushwa na kusuguliwa. Wanaobaki ni wachache, na hao wanatakiwa wawe wamevalishwa barakoa ndogo na kupulizwa hewa kwa mfuko wa mkono, ule wanaouita ambu, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi, kummwagia maji ya baridi, yote hayo yanaila dakika hiyo na kumpoza mtoto bila kuingiza hewa hata kidogo. Yaachwe kabisa.

Thamani ya dakika hiyo imepimwa kwetu hapa Tanzania. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikaa na saa katika chumba cha kujifungulia. Matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa mtoto zinaongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa muda mrefu. Sekunde 30, msikilizaji, ni muda wa kutafuta barakoa iliyofungiwa kabatini. Mwaka 2013 Georgina Msemo na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafundisha wahudumu katika hospitali 8 za Tanzania: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hakukuwa na mashine mpya ya mabilioni. Kulikuwa na mdoli wa kujifunzia, mfuko wa mkono na barakoa.

Mikono ya watu imewahi kufanya makubwa zaidi. Mwaka 1952 Copenhagen, nchini Denmark, ilivamiwa na polio iliyopooza misuli ya kupumulia. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa wawekewe bomba kooni na kupulizwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, kwa wiki nyingi, wakiminya mifuko. Ni huko huko Denmark ambako ambu ilibuniwa mwaka 1956, mfuko unaojaa wenyewe, usiohitaji umeme wala mtungi. Tangu 2010, miongozo ya kimataifa inasema mtoto aliyetimiza miezi aanze kupulizwa hewa ya kawaida, hii hii tunayoivuta, yenye oksijeni asilimia 21. Zahanati isiyo na mtungi wa oksijeni haina udhuru wa kumwacha mtoto bila kumpulizia.

Udhuru uliopo ni wa mikono iliyosahau. Mkunga anaweza kukaa miezi bila kukutana na mtoto asiyepumua, na siku akikutana naye, barakoa inavuja pembeni, kichwa kimekunjwa vibaya, kifua hakipandi. Semina ya siku mbili kwa mwaka haitibu hilo. Kinachotibu ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, mdoli ukiwa pale pale chumbani, mkunga akianza zamu anaupulizia dakika chache. Mpango wa namna hiyo uliendeshwa katika hospitali na vituo 30 kwenye mikoa 5 ya Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Walioleta matokeo hayo ni wakunga na manesi wetu wenyewe, wa Geita, Shinyanga, Tabora, Mwanza na Manyara. Nawapongeza kwa moyo wote.

Basi nawaomba mambo machache. Diwani na mjumbe wa kamati ya afya, mkifika zahanati msiishie kukagua paa na rangi. Ombeni kuonyeshwa ambu na barakoa ya mtoto, muone kama viko mezani, ni safi, na mkunga aliyepo zamu anavitumia mbele yenu juu ya mdoli. Baba, tafuta usafiri wa kumpeleka mama kabla uchungu haujaanza. Na wewe mama mjamzito, ukienda kliniki wiki hii, beba kanga mbili safi kwenye begi la kujifungulia, moja ya kumkaushia mtoto na nyingine ya kumfunika, na umuulize mkunga wako waziwazi: siku yangu ikifika, nani atakayesimama upande wa mtoto?